Filamu Mbele ya Wenyewe

Mgongo wazi ni chakula. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi waliolijua Ziwa Victoria kupitia sinema hawakuambiwa. Viwanda vya samaki vya huku kwetu vilikata minofu ya mbuta vikaisafirisha ng'ambo, na kilichobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na nyama kidogo iliyong'ang'ania mifupa, kikaletwa masokoni kukaangwa. Watoto wa Oyugis, mji wangu, tulikula kwa ugali. Kichwa kiligombaniwa.

Basi nikiwa mwanafunzi Nairobi nikaitazama *Darwin's Nightmare*. Filamu hiyo ya Hubert Sauper, raia wa Austria, ilitoka 2004 na baadaye ikateuliwa kuwania Oscar ya dokumentari. Ilipigwa Mwanza, Tanzania, ng'ambo ya ziwa letu. Kuna sehemu ambapo mifupa ya sangara, yaani mbuta wetu, ambayo Watanzania huiita mapanki, imeanikwa kwenye vichanja. Chini yake mabuu yanatambaa matopeni, na mvuke wa amonia unawachoma macho akina mama wanaofanya kazi pale. Ukumbini watu walifunika nyuso. Mimi niliwaza chumvi na mafuta moto.

Sisemi kwamba Sauper alizua. Ndege kubwa za Ilyushin zilitua kweli Mwanza na kuondoka na minofu. Eliza, yule dada anayewaimbia marubani, aliuawa na mteja kabla filamu haijakamilika, na kifo chake bado kinaniumiza kila ninapoitazama. Kilichozua moto mkubwa ni dokezo kwamba ndege hizo zilikuwa zikileta silaha Afrika. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania aliilaumu filamu hadharani. Ufaransa, mwanahistoria François Garçon aliandika kuipinga, Sauper akamshtaki kwa kumchafulia jina, akashinda. Nimefuatilia ubishi huo kwa miaka. Karibu wote ulihusu filamu yenyewe: ni kweli au si kweli, imetia chumvi au haikutia. Sikusikia aliyeuliza yule mama wa mapanki alikuwa akimuuzia nani, mnunuzi aliyapika vipi, na kwa nini alirudi kununua tena wiki iliyofuata. Sauper aliifuata biashara hiyo kwa ujasiri mpaka uwanja wa ndege, ila jikoni hakuingia.

Mimi kazi yangu ni kuhakiki filamu, hasa tamthilia na dokumentari zinazotengenezwa nje ya kampuni kubwa, na kipimo ninachokitumia sikukipata chuoni. Oyugis niliyokulia, pale kwenye barabara kuu ya Kisii kwenda Kisumu, haikuwa na jumba la sinema. Ilikuwa na kibanda cha video: mabati, mabenchi, televisheni moja na jenereta iliyonguruma nyuma. Msichana hakutarajiwa kuingia. Mimi nilikaa nje na karai la viazi vitamu vya Kabondo nikiwauzia walioingia na kutoka, kwa hiyo filamu nilizijua kwa masikio kabla ya kuzijua kwa macho. Ndani alikuwepo kijana wa kutafsiri papo hapo. Mchina akipiga ukelele, yeye anatangaza kwa Dholuo kwamba huyu anadai ng'ombe wa dada yake. Baadaye zikaja diski zenye sauti ya DJ Afro, ambaye Kenya nzima inamjua, kama Dar es Salaam ilivyomjua mtafsiri wao Lufufu.

Mwalimu wangu hasa, hata hivyo, alikuwa mlango wa kutokea. Filamu ikiwa mbovu, wanaume walitoka wakiizungumzia filamu: picha haina rangi, sauti inakatika, staringi hajui kupigana. Ikiwa nzuri walitoka wakigombana kuhusu watu. Kwa nini alimwamini shemeji yake? Mimi ningemwacha afe hukohuko. Yule mama alijua tangu mwanzo, usinidanganye! Ugomvi ukinoga walisimama penye karai langu kuumalizia, na viazi vikauzika. Nilijua filamu nzuri kwa mauzo.

Ndiyo maana dakika za mwanzo za *Nairobi Half Life* (2012), ya David 'Tosh' Gitonga, zilinishika. Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, anauza DVD kijijini, na ili mteja atoe pesa anaigiza filamu nzima pale barabarani, risasi na maiti pamoja. Huyo namfahamu. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kupelekwa kuwania Oscar ya lugha ya kigeni, na Wairimu akatuzwa Durban, akastahili. Ile sehemu ya rumande, anapolazimishwa kuosha choo na kuigeuza adhabu kuwa onyesho, ndiyo hukumu yangu yote juu ya kipaji chake. Ila Mwas akishazama katika genge, filamu inaanza kufanana na zile diski alizokuwa akiziuza, na nadhani mwelekezi mwenyewe aliliona hilo, akalipenda.

Kaunti yetu ya Homa Bay imepigwa picha kuliko inavyojitazama. Sababu si siri: utafiti wa KENPHIA wa 2018 ulionyesha kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa kaunti hii walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, huku kiwango cha nchi nzima kikiwa asilimia 4.9. Kwa hiyo kamera zinakuja. Zinafuata wajane na tero, ile desturi ya kurithi mke. Zinafuata jaboya, pale mvuvi anapodai mwili wa mwanamke ndipo amuuzie samaki. Zinafuata mayatima. Mambo hayo yapo. Lakini ukishatazama filamu kadhaa za aina hiyo unaweza kuziimba bila karatasi: droni juu ya ziwa alfajiri, filimbi ya huzuni, mwanamke mlangoni, takwimu, afisa wa mradi ndani ya fulana, watoto wakipunga mikono.

Jirani yetu mmoja alipigwa filamu na wageni mbalimbali hadi akawashinda ujuzi. Alijua kiti kikae upande gani wa mlango ili mwanga umwangukie shavuni. Siku moja wageni wakiwa bado wanafungua masanduku, alinigeukia akaniuliza kwa Dholuo, uso mkavu: "Nyathina, mwanangu, hawa wanataka nilie kabla ya chai ama baada ya chai?" Tangu hapo siwezi kuhakiki chozi la dokumentari bila kujiuliza chai ilinywewa saa ngapi.

Na hizi tunazoziita filamu huru, uhuru wenyewe una wafadhili. *Soul Boy*, *Nairobi Half Life*, *Kati Kati* na *Supa Modo* zote zilipitia mikononi mwa One Fine Day Films, kampuni iliyoanzishwa na Mjerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann. Dokumentari nyingi nzuri za miaka hii zimeshikwa mkono na Docubox, mfuko ulioanzishwa na mwelekezi Judy Kibinge kule Nairobi. Mimi sina ugomvi na pesa. Bila hizo tungekuwa tunahakiki matangazo ya sabuni. Ninachokisikiliza ni kama pesa zimeanza kuongea ndani ya mazungumzo. Mume na mke walioishi pamoja miaka ishirini wanaelezana mila zao kana kwamba walikutana jana kwenye matatu. Hapo najua sebuleni kuna mgeni ambaye hatukuonyeshwa, na kwamba maelezo yote anapewa yeye.

Nilichoka kuwahakiki wageni hao wasioonekana nikiwa katika kumbi za Nairobi, pamoja na watazamaji walewale wanaopiga makofi mahali palepale. Nikaanza kuonyesha filamu Oyugis, kwenye ukumbi wa kukodi na projekta ya kuazima, kila mara kwa ruhusa ya watengenezaji. Siandiki tena hakiki ya filamu inayohusu maisha kama ya kwetu kabla sijaketi nyuma ya akina mama wa sokoni, walimu waliostaafu na vijana wa bodaboda nikawasikia wakiitazama. Mhariri mmoja aliniambia huo si uhakiki, ni utafiti wa soko. Nilimwambia sokoni ndiko nilikosomea.

*Soul Boy* (2010), ya Hawa Essuman, ilikuwa mtihani mzuri kwa sababu imejengwa juu ya jambo letu. Abila, kijana wa Kibera, anamkuta babake amelegea kama mtu aliyeondokewa na roho. Roho imechukuliwa na Nyawawa, na kijana anapewa majukumu ya kutimiza ili kuirudisha. Sasa nyawawa kwetu si mtu. Ni mapepo yanayopita na upepo, mengi, yanayoita majina, na wakati wa kupita kwake kijiji kizima hupiga madebe, masufuria na mabati kuyafukuza yaelekee ziwani. Kwenye filamu Nyawawa ni mwanamke mmoja. Dani aliyeketi mstari wa mbele, bibi wa umri mkubwa, alimtazama kwa makini, kisha akatoa hukumu: "Huyo si nyawawa. Huyo ni mwanamke tu wa Nairobi."

Ukumbi uliangua kicheko, na kwa dakika chache nilidhani filamu imekufa. Lakini Abila alikuwa bado anakimbia huku na huko na rafiki yake Shiku, msichana wa Kikuyu, na filamu ilipigwa Kibera muda mfupi baada ya machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008. Mwisho wa onyesho hakuna aliyemtaja tena Nyawawa. Walikuwa wakibishana kuhusu baba: je, ameibiwa roho, au ni mlevi aliyepata kisingizio? Na mtoto alazimike kulipa deni la mzazi? Mama mmoja alisema mtoto wa kiume ndiye dhamana. Mwingine akamjibu kwamba dhamana hutiwa sahihi na mtu mzima. Niliandika kwamba filamu imekosea upepo ila imeijua nyumba, na bado nasimama hapo.

*Supa Modo* (2018), ya Likarion Wainaina, ilinipa kazi ngumu zaidi. Jo ni msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona. Mama anamtoa hospitalini ili amalizie siku zake nyumbani. Dadake Mwix hakubali akae kitandani akingoja, anamfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na hatimaye kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu ambamo yeye ndiye shujaa. Kwenye kibanda cha video sheria ya kwanza ni kwamba staringi hafi. Jo anakufa. Vijana wa bodaboda waliokuja kwa ahadi ya filamu ya mashujaa walinitazama kana kwamba nimewatapeli.

Nilichokipenda ni kwamba hawakuilaumu filamu. Walimrukia Mwix. Nusu walisema amemdanganya mtoto anayekufa na hiyo ni dhambi. Nusu wakasema mama ndiye mwenye kosa kwa kutaka kumficha. Mwalimu mstaafu wa kike akauliza swali ambalo sikuwa nimelisoma kwenye hakiki yoyote ya Berlin, ilikozinduliwa, wala ya Nairobi: kijiji kizima kinaacha shamba na biashara kumchezea mtoto, je, wangelifanya hivyo kama angekuwa mtoto wa mtu wanayemchukia? Nadhani swali hilo ndilo udhaifu halisi wa filamu. Kijiji cha *Supa Modo* kina umaskini, kina utani, lakini hakina uadui, na kijiji kisicho na uadui mimi sijakiona. Hata hivyo Stycie Waweru, mtoto anayemwigiza Jo, anaibeba filamu kwa uso ambao hauombi huruma, na hilo waigizaji wengi wazima hawaliwezi.

*Softie* (2020), dokumentari ya Sam Soko kuhusu mwanaharakati Boniface Mwangi, nilitarajia iwashe siasa. Ukitamka uchaguzi wa 2017 hapa kwetu umewasha kiberiti. Filamu inamfuata Mwangi, aliyepiga picha za machafuko ya 2007 na 2008, hadi anapogombea ubunge wa Starehe na kushindwa na mwanamuziki Jaguar. Iliingia Sundance ikapewa tuzo ya uhariri, na tuzo hiyo naielewa: miaka mingi ya picha imebanwa bila kupoteza pumzi. Lakini Oyugis hawakuzungumza Starehe hata kidogo. Walimzungumzia Njeri, mke, ambaye vitisho vinapozidi anaondoka na watoto kwenda Marekani huku mume akibaki na kampeni. Akina mama waligawanyika palepale. "Angeenda mapema hata bila kumuaga," mmoja alisema. Mwingine, ambaye mumewe alikuwa ameketi mistari miwili nyuma, alisema mwanamume anayeipenda nchi kuliko nyumba aoe nchi. Mume alikohoa. Nilipoandika hakiki yangu nilimweka Njeri katika sentensi ya kwanza, na nimeona kwamba wengi walioandika juu ya filamu hiyo walimfikia mwishoni, kama kiambatisho.

Kuna filamu inayopitwa sana na ambayo ningependa ionyeshwe zaidi huku kwetu, *The Education of Auma Obama* (2011), ya Branwen Okpako. Kamera za dunia zilijaa Kogelo mwaka 2008 kumtafuta kaka. Okpako alimtafuta dada, aliyesomea filamu katika chuo kilekile cha Berlin alikosomea Okpako mwenyewe. Watu wa Kendu Bay, jirani zetu, watakukatiza hapo kukukumbusha kwamba ukoo wa Obama ulitoka kwao Kanyadhiang kabla ya Kogelo kuujua. Waache wakukatize.

*The Letter* (2019), ya Maia Lekow na Christopher King, ndiyo dokumentari ya Kenya ninayoiheshimu kuliko zote. Karisa, kijana anayeishi Mombasa, anapata habari kwamba bibi yake kule Kilifi, Kamango, ametuhumiwa uchawi na watu wa familia yake mwenyewe, naye Karisa anarudi nyumbani kuuliza. Nilisita kuionyesha. Oyugis imepakana na nchi ya Wakisii, na sokoni kwetu Wajaluo na Wakisii tumechanganyika. Oktoba 2021 wanawake wazee wanne waliuawa Marani, Kaunti ya Kisii, kwa shutuma kama hiyo. Filamu haionyeshi mganga akitikisa kibuyu wala haipigi ngoma za kutisha. Inakaa na bibi, inamwacha alime, acheke, asali, na jambo la ardhi linajitokeza polepole kupitia vinywa vya jamaa zake. Wageni wa sinema huhitaji muda kulifikia. Ukumbini kwetu sauti ya mzee mmoja ilitoka gizani mapema sana: "Shamba ni ekari ngapi?" Alikuwa ameshaufikia mwisho wa filamu. Na bado alibaki hadi taa zikawashwa, akimtetea mjomba wa Karisa dhidi ya wote, kwa hoja ambazo sikuzipenda na ambazo niliziandika zote.

Si kila filamu hupata nafasi ya kugombaniwa hivyo. *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, ilipigwa marufuku Aprili 2018, na Septemba mahakama ikaiachia kwa siku saba tu. Nilipanda basi kwenda kuitazama. Foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa na furaha ya kuvunja kufuli. Sikumbuki hata mmoja aliyetoka akibishana kuhusu Kena na Ziki, wala kuhusu baba zao wanasiasa, wala kuhusu Mama Atim wa kibandani, mmbeya ambaye kwangu ndiye mhusika aliyechongwa vizuri kuliko wote. Walizungumzia marufuku. Ubaya wa marufuku kwa mhakiki ni huo: inamnyang'anya mtazamaji haki ya kusema filamu inachosha kidogo katikati, na *Rafiki* inachosha kidogo katikati.

Sasa kuna kijana wa hapa Oyugis ambaye amepiga filamu yake mwenyewe kwa simu, kuhusu ndugu wawili wanaomiliki bodaboda moja. Ni nzuri. Wanavyogawana siku, mafuta na uongo, mtu wa hapa hawezi kuitazama bila kuchagua upande. Aliniletea kabla hajaionyesha kwa yeyote. Nilimwambia tatizo langu ni moja, dakika za mwanzo ambapo droni inaelea juu ya mji, paa za soko, barabara, milima kwa mbali, na filimbi. Nani asiyeijua Oyugis kati ya watakaoitazama?

Alikataa kuzikata. Alisema droni aliikodi kwa pesa zake mwenyewe kutoka Kisumu, kwa siku nzima, na mwenye droni akala chakula cha mchana juu yake. Nikamwambia mtazamaji hajui bei ya kukodi.